Nani Alikuwa na Dada Tabitha

Hjulsta, Stockholm

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, watoto nao wazima, ila baridi imeshaanza kutung'ata masikio. Natumaini magoti yako yametulia na usingizi unaupata. Kaka Elia ameniambia kwamba wifi alikutandikia godoro jipya, wewe ukalisukumia ukutani ukarudi kwenye mkeka wako. Sikugombezi. Nimeona tu nikuambie kwamba habari zimefika.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya Elia mnaiweka sauti ya juu, nikikohoa huku mtaa mzima huko Kigoma unanipa pole. Barua hii anakuletea mke wa mchungaji wetu, anakuja huko kuwaona wazazi wake. Isome peke yako, na mwandiko wangu usinikosoe, darasa la kwanza lilishapita.

Kazi yangu ni ileile, naendesha treni za chini ya ardhi, njia hii ya buluu inayoishia kwetu Hjulsta. Naingia handakini, natoka handakini. Tangu Dada Tabitha afariki sijalia, Mama. Usidhani nimejikaza. Huzuni naitafuta siioni, nimekufa ganzi tu. Nakula, nafua, naenda kazini, watoto wakinisemesha kwa Kiswidi nawajibu kwa Kiswahili kama kawaida, siku inaisha. Na mwezi huu wote, kila kituo ninachoingia nakutana na uso wa mjukuu wako. Wamebandika matangazo ya filamu yake mpya. Yona ni wa tatu kutoka kushoto, amevaa sare ya askari na amekunja uso. Natazama milango, natazama abiria, namtazama Yona, naondoa treni.

Najua kazi yake hukuipenda. Ulimwambia Dada kwamba mtoto mwenye akili hawezi kulipwa kwa kusema uongo mbele za watu. Lakini Dada alijivuna naye tangu ule mchezo wa Krismasi kanisani kwao Marekani, Yona alipokuwa mchungaji wa kondoo na akakataa kushuka jukwaani wenzake walipomaliza. Mara ya kwanza kuonyeshwa kwenye filamu alikuwa maiti. Dada alinipigia simu kunihimiza nitazame, akasema angalia mwanangu anavyojua kulala. Baadaye wakampa kusema maneno mawili matatu, kisha akawa mwizi, kisha ndugu wa mwizi. Miaka yote hiyo alikuwa anabeba sahani hotelini ili ale. Mwisho jukwaa ndilo lililomtoa, watu wakaanza kulipa kumwona yeye, na filamu zikamfuata huko. Bado ni kijana mdogo, Mama, ndevu zenyewe hazijakaa sawa.

Sasa amekuja hapa Stockholm na wenzake kuonyesha mchezo wa jukwaani, wa Kiingereza, maana Waswidi wanakisikia. Nami nilikuwa na swali lako la kumuuliza. Siku ile ya kuanua matanga uliwauliza wote, nani alimshika mkono mwanangu wakati anakata roho. Hakuna aliyejua, maana kifo na maziko vyote vilikuwa Marekani. Watu wakatawanyika, wifi akakunja mikeka, wewe wa kwako ukautandika tena ukasema hutainuka mpaka ujibiwe. Mwaka sasa unakaribia. Na Yona ulipompigia alikuwa haongei, analia au anasema yuko kazini.

Alikuja kwangu siku yake ya mapumziko. Nilimpikia ugali na samaki, migebuka iliyotoka huko kwenu. Kiswahili chake ni kile cha mama yake, laini, lakini kinaishia jikoni, mambo mazito hana maneno yake. Alipomaliza kula nikamuuliza. Akasema atakupigia simu akuambie kwamba alikuwepo.

Nikamuuliza kama alikuwepo kweli. Akasema hapana. Jioni ile alikuwa jukwaani, simu ameiacha kwenye chumba cha kuvalia. Hospitali ilipiga na kupiga. Alipofika bado ana poda usoni, Dada alikuwa ameshafunikwa. Nesi alimwambia hata yeye alikuwa ametoka kidogo.

"Lakini naweza kumwambia Bibi nilikuwepo," akasema. "Ataamini. Sikiliza, Mama mdogo."

Akavuta kiti karibu na meza, na meza ikawa kitanda. Akachukua taulo langu la jikoni, akalilowesha, akamfuta Dada uso. Akamtilia maji kwa kijiko, taratibu, akisubiri ameze. Akaniambia Dada alimwita kwa jina, akamwomba amfunge kitambaa kichwani, akakutaja wewe, akapumua mara ya mwisho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Mama, nilimwona Dada pale mezani. Binti yangu mdogo alikuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia. Mimi machozi hayakuja, lakini nilimwamini kabisa, na dakika chache nyuma alikuwa amenieleza mwenyewe kwamba haikuwa hivyo.

Tukakubaliana akupigie Jumapili, akitoka kwenye mchezo. Nilifikiri, afadhali uinuke kwa uongo kuliko kubaki chini kwa kweli. Ndivyo nilivyofikiri, na usiku ule nililala bila shida.

Jumapili yenyewe alitupa tiketi, mimi na akina mama wa kwaya yetu. Ni mchanganyiko wa Warundi, Wakongo na sisi wa Tanzania, kiongozi wetu ni Mama Furaha, Mrundi, jirani yangu hapa ghorofa ya pili. Tulitoka ibadani tukaenda moja kwa moja mchana ule, tumevaa vitenge vya kwaya, tukakaa mstari mmoja. Nilikuwa nimewaambia kwamba Yona ndiye aliyefiwa na dada yangu, wakasema watampa pole mchezo ukiisha, maana hawajawahi kumwona.

Mchezo unahusu ndugu wawili wanaogombania nyumba. Katikati Yona anaingia na koti lake mkononi, anakaa sakafuni peke yake, anasema mama yao amekufa. Kiingereza cha akina mama wengi ni cha kuungaunga, lakini maneno hayo yaliwafikia. Mama Furaha akasimama. Nikamvuta kitenge nikamnong'oneza akae, ni mchezo.

"Mchezo najua," akaniambia. "Lakini huyu mtoto mama yake amekufa kweli, na amekaa chini peke yake."

Akashuka, na wenzake wote wakamfuata. Wakaketi sakafuni pale mbele, chini ya jukwaa, wakanyoosha miguu, wakajitanda vitenge kichwani. Hakuna aliyelia wala kuimba. Walikaa tu, kama ambavyo wangekaa nyumbani kwa mfiwa yeyote. Waswidi wakatazama mbele kwa adabu, nadhani walifikiri ni sehemu ya mchezo. Mhudumu wa ukumbi akaja akachutama karibu na Mama Furaha kumuuliza kulikoni, naye akamjibu kwa Kiswidi chake safi kwamba wako msibani. Yule mhudumu akarudi mlangoni akasimama. Nami nikashuka, nikakaa mwisho wa mstari, sakafu ni baridi.

Yona alituona. Maneno yakampotea. Mwenzake akarudia ya kwake, akarudia tena, Yona anatutazama tu. Baadaye aliendelea, lakini kwa sauti ndogo, bila mapambo, hata waliokaa nyuma nadhani hawakumsikia. Mimi nilimsikia.

Walipomaliza alitutafuta kwenye korido, uso ameunawa nusu. Akina mama wakampa mkono mmoja mmoja, pole mwanangu, pole sana, na yeye akawa anaitikia, ahsante mama, ahsante mama. Nikamkumbusha ile simu. Akasema hawezi tena kukuambia yale ya jikoni.

Nikamuuliza kwa nini, nayo alikuwa ameyapanga vizuri.

"Hawa wamekuja kukaa na mimi," akasema. "Mama hakukaa na mtu. Bibi lazima ajue Mama alikuwa peke yake."

Basi ndivyo, Mama. Hakuna aliyemshika mkono. Hakuna aliyemfuta uso wala kumpa maji. Umeuliza karibu mwaka mzima na hilo ndilo jibu. Ameniomba nikuandikie mimi kwanza, maana yeye Kiswahili cha kusema hivyo hana, na hakutaka ulisikie kwenye sauti ya juu mbele ya watu.

Mchezo wao unaisha kabla ya Krismasi, naye hatarudi Marekani, anakuja Kigoma. Walikuwa wanamtaka kwenye filamu nyingine, amewakatalia. Nimeomba likizo, tutakuja wote wawili. Mimi sina machozi ya kuleta, na sijui kama nitakuwa nayo nikifika. Nitakuja hivi nilivyo.

Msalimie sana wifi, mwambie asichoke na wewe. Wasalimie watoto wa Elia, na mama mkubwa wa Ujiji, na yule jirani anayekuletea mawese. Na Elia mpe salamu zake za peke yake. Mwambie nimejua anakubembeleza kila asubuhi uamke ulale kitandani kama watu. Mwambie aache. Yona amesema usiinuke bado, umsubiri, anataka kukaa hapo chini na wewe kwanza.

Ni mimi binti yako aliyebaki,
Debora