Si Kimbunga Kilichokuua, Musyoka

Komredi Musyoka, nanyi makomredi mtakaosikia barua hii ikisomwa: niacheni kwanza niseme na marehemu, kisha nitawageukia.

Musyoka, ndugu yangu. Nakuandikia kutoka nyumbani Mutomo, jua likiwa utosini. Nje, kisulisuli kimeinuka tena penye mbuzi, chekundu, chembamba, kikizunguka kama mtu anayetafuta alichodondosha. Tangu tukuzike, sijaona adhuhuri isiyo nacho. Mama amefunika sufuria ya muthokoi, kisha akanitazama na kuweka kidole mdomoni. Desturi unaijua: kisulisuli kikipita, mtu haitwi, kisije kikasikia na kumchukua. Mama hakosi kanisani Jumapili, lakini hilo hajaliacha.

Unakumbuka ulivyonicheka chuoni? Nilipanda juu ya meza ya bwalo nikanguruma, "Sisi ni kimbunga!" Umati ukalipuka. Wewe, mwanafunzi wa jiografia, ukaningoja chini: "We Mutomo, kimbunga huzaliwa baharini, juu ya maji yenye joto. Huzunguka jicho lake siku nyingi na huja na mvua. Kwenu hata mto ni mchanga! Jiite kisulisuli, watu wa kwenu wakuelewe." Nikakuita msaliti wa mapinduzi. Ukaninunulia chai.

Juzi nimelisikia neno lile kinywani mwa afisa wa elimu. Alisimama mbele ya wazazi kule Kathonzweni, katika shule uliyokuwa ukifanyia mazoezi ya kufundisha, akatangaza kwamba mwalimu aliuawa na kimbunga, na kimbunga ni mapenzi ya Mungu. Wazee wakaitika amina.

Kimbunga gani? Mbingu ilikuwa wazi. Kilichopita ni upepo wa vumbi unaozaliwa juu ya ardhi tupu iliyochomwa na jua, upepo wa kung'oa kofia na kupeperusha nguo kambani. Paa linalotii upepo huo halikuwa paa. Mbao zililiwa na mchwa, nawe ulilalamika hadi ukachoka. Neno kubwa limeletwa ili limsitiri mkandarasi, na maiti iliyotengenezwa na mikono ya watu ikakabidhiwa Mungu.

Lakini anayeninyima usingizi si afisa. Ni Ndanu, mwanafunzi wako wa darasa la nne. Ulikwisha kuwatoa watoto wote nje, ukarudi darasani kuchukua gongo la Kioko, mwenzao asiyeweza kutembea bila hilo. Ndanu akaona mabati yakianza kuinuka. Alitaka kukuita. Kisulisuli kilikuwa kinapita. Akafumba mdomo, kama alivyofundishwa na nyanyake. Boriti ikakuangukia.

Sasa mtoto hasemi na mtu. Mimi aliniambia neno moja tu: "Ningemwita, angetoka."

Nikakosa jibu. Mimi, ndugu yangu! Mimi ninayejaza viwanja kwa maneno.

Nimeiweka kalamu chini sasa hivi, nikatoka, nikapita mbele ya kidole cha Mama, nikakuita. Musyoka! Kisulisuli kikasita langoni. Kikaangusha majani yake makavu, kikalala. Sijui kama ulikuwa wewe. Mama amekimbilia ndani kuomba. Nami nilipokuwa nimesimama pale, vumbi menoni, jibu la Ndanu likanijia: paa la shule halipaswi kungoja mtoto apige kelele. Angeita au angenyamaza, lilipaswa kusimama.

Pumzika, ndugu yangu. Kimbunga nimekirudisha baharini kwake. Hutanisikia nikikipandisha jukwaani tena. Nakuahidi kwamba afisa atalimeza neno lake mbele ya Ndanu, na aliyeliezeka paa lile atatajwa.

Makomredi, sasa nawageukia. Jumamosi, saa sita mchana, uwanja wa shule, Kathonzweni. Saa ya visulisuli nimeichagua makusudi. Kikipita, hatutafumba midomo. Tutamwita Musyoka, sote, kwa sauti; na Ndanu akiwa tayari, ataanza yeye.