Jani la Muhogo Kwenye Bango la Bangi

Mpendwa mdogo wangu Mwadime,

Jana nilikuwa nikifagia nyuma ya kabati nikakuta bango moja la zamani, la enzi zile za Voi. Panya wameshakula pembe yake moja, lakini jani liko palepale, na yale meno uliyolitia kwa brashi yamenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora mimi. Nikacheka peke yangu mpaka wajukuu wakaja kuniangalia. Hii ni masika ya pili tangu tukulaze kule Mboghoni, na bado kila nikichekeshwa nakutafuta wewe kwanza. Basi nakuandikia. Na sitaifunga barua hii, kila mtu aisome, kwa sababu utakayoiona mwishoni.

Unaikumbuka ile miaka ya sabini, nilipokuwa nafundisha ngumbaru, kisomo cha watu wazima. Ofisi ya maendeleo ya jamii pale Voi iligundua kwamba najua kuchora, ikanigeuza mtu wa mabango. La kuchemsha maji ya kunywa, la kuchimba choo, la kupeleka watoto chanjo. Hayo nilichora hata nikisinzia. Kisha likaja la bangi. Maneno nilipewa tayari: BANGI NI ADUI. UKIIONA, ING'OE. Chini nitie fuvu, juu nitie jani.

Fuvu halikunipa taabu. Jani ndilo lililonishinda, maana sikuwahi kuliona. Nilipouliza kanisani walinitazama kana kwamba nimewaomba msokoto. Sokoni mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, hayo mambo sisi hatuyajui," na mwanawe kakaa kando yake macho mekundu kama pilipili. Karani wa ofisi alisogea karibu akaninong'oneza kwamba lina vidole vidole, kama mkono. Zaidi ya hapo akakataa kusema. Jumapili nikaja nyumbani Mraru, nikachuma jani la muhogo shambani kwa Mama, nikalihesabu vidole, nikalichora. Lilipendeza, siwezi kusema uongo.

Mgeni wetu wa kwanza aliyelisoma bango lile kwa makini alikuwa Bwana D.O. mpya, mkuu wa tarafa yetu, mtu wa milima ya baridi na viazi. Muhogo aliujua ukiwa umechemshwa kwenye sahani tu. Alifika Mraru na bango langu mkononi, akasimama kwenye shamba la Mama, akatazama jani la karatasi, akatazama la shambani. Miche ilikuwa inafika magotini, haijaweka hata mzizi mmoja wa kumwonyesha. Na mahindi yalikuwa yameshakauka mwaka ule. Kama si muhogo ule, hatukuwa na chakula kingine. Akaita baraza palepale, askari wawili pembeni na majembe.

"Huu ni muhogo, bwana," Mama akasema.

"Mama, kila mtu ako na bangi atasema ni muhogo. Serikali imechora, si mimi. Kuna mtu hapa anaijua bangi, atuonyeshe tofauti?"

Wazee wa kanisa wakaanza kuchunguza mawingu. Wavutaji waliokuwapo wote siku hiyo wakawa watakatifu. Ukaniangalia. Nilikuwa nyuma ya Mama na viatu vyangu vya ofisi, na ulinitazama kwa muda mrefu. Nikaviangalia viatu.

Ndipo uliposimama. "Hiyo si bangi, bwana."

"Umejuaje?"

"Navuta."

Mama aliketi chini kwenye mchanga. Wewe ukaokota kijiti, ukachora majani mawili ardhini. "La bangi liko na meno pembeni, kama msumeno. La muhogo ni laini. Hili la serikali halina meno." D.O. akainama akaangalia kwa makini, kisha, Mungu ambariki, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Muhogo ukapona. Adhabu yako ilikuwa kwenda ofisini ukayatie mabango yote meno.

Wiki ile ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tulikaa meza moja, wewe na brashi nyembamba, mimi na chai ya chupa. Uliniambia habari za kukata mkonge kutwa, mgongo unavyowaka, na moshi unavyokusahaulisha kwamba una mgongo. Nikakuuliza ni picha gani ingekufanya uache. Ukasema, "Fuvu halinitishi, dada. Nichoree Mama akilima peke yake." Nikachora. Hukuacha siku hiyo, wala mwezi huo, tusidanganyane. Uliacha kidogo kidogo, ukahamia Mboghoni, ukapanda migomba kando ya mfereji, ukazaa watoto wakorofi kama wewe. Mama alikufa akiwa amekula ndizi zako kwa miaka mingi, na muhogo hakuacha kuupanda.

Katika wiki ile nzima hukuniuliza kitu. Siku ya mwisho tu, unasafisha brashi, ulisema, "Lakini muhogo unauchora vizuri sana." Nikacheka, nikakumiminia chai, nikaona tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi, Mwadime, na nikakuacha ujianike mbele ya Mama na kijiji kizima kwa neno ambalo lilikuwa langu kusema. Umeishi na jina la mvutaji wa Mraru. Mimi nimeishi na jina la mwalimu. Hukunidai hata siku moja, na tulipendana hivyo hivyo mpaka mwisho. Nakushukuru.

Sasa wanaosoma hapa na wawe baraza. Jani lile lilikuwa la muhogo. Nililichora mimi, nikijua. Keti, mdogo wangu. Leo nimesimama mimi.

Dada yako,
Wakesho