Marahaba Iliyokatika

Misigiri

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hatujambo. Babu yako yuko shambani anavuna alizeti. Mimi nimeshindwa kutulia. Nachambua mtama, nauacha, natoka nje, narudi. Ni lile swali lako la jana kwenye simu: mgonjwa wa mazoezi wa kwenye kompyuta amekufa tena mikononi mwako, je, uache unesi?

Nilipokuwa mwanafunzi wa unesi kama wewe, mzee mmoja wa Sekenke aliletwa wodini. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Mara... haba." Nikamuuliza anaumwa wapi. "Siumwi, mjukuu wangu, ni uchovu tu." Wazee wa kwetu hawamwambii binti mdogo maumivu yao. Lakini marahaba yake ilikatika katikati, pumzi haikutosha. Nikakimbia kumwita muuguzi mkuu. Akawekewa oksijeni, akapona.

Huyo wa kompyuta akifa, bonyeza aanze upya mpaka mkono wako uzoee. Sisi hatukuwa na wa kuanza naye upya. Ila huyo wako wa kompyuta hataitikia shikamoo yako. Sikio la kusikia pumzi inayokatika utalipata wodini.

Langu bado ninalo. Jana shikamoo yako ilikatika katikati. Ulikuwa unalia, Neema? Nipigie ukiisoma barua hii, uniamkie tena.

Bibi yako