Kadi ya Bonge

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama una mafua ujitibu mwenyewe, si ndiyo kazi uliyokwenda kusomea? Sisi hatujambo. Cherehani inazunguka, mgongo unalalamika, na binti yangu Bonge ametimiza miezi minane. Mashavu yake yanafika mlangoni kabla yake.

Nina swali. Mwezi ujao anatakiwa kuchanjwa surua. Wateja wangu wakija kupimwa nguo wananijaza maneno: mara mtoto wa fulani alichomwa akalemaa mguu, mara wauguzi wenyewe hawawachanji watoto wao. Nimechanganyikiwa. Mimi shule niliiacha njiani ili wewe uendelee, kwa hiyo wewe ndiye macho yangu. Usipige simu ya jirani, maneno ya simu hupeperuka. Niandikie, niwe na kitu cha kushika.

Dada yako

16 Februari

Shikamoo dada,

Mimi mzima, ila chai ya bweni ni maji yaliyoyaona majani kwa mbali. Mbusu Bonge mashavu yote mawili, moja lisione wivu.

Barua yako imenikuta siku niliyopata tisini na mbili kwenye mtihani wa chanjo. Ratiba nzima naijua kama jina langu. Lakini nikuambie ukweli: chumbani tuko wanafunzi sita, na hakuna aliyechanjwa. Ili uruhusiwe wodini lazima uonyeshe kadi ya chanjo ya homa ya ini, na tunatakiwa tuchomane wenyewe, wawili wawili, kwenye chumba cha mazoezi. Sisi dawa tuliipiga kwenye godoro, kisha tukatiliana sahihi. Godoro lile sasa lina kinga kuliko darasa zima! Mwenzangu wa kitanda cha juu anasema chanjo ni ya kujibia mtihani.

Kama sisi tunaosomea hatuna haraka, wewe una haraka ya nini? Bonge ananyonya, ananenepa. Subiri afike mwaka na nusu.

Mama mdogo wa Bonge

22 Machi

Daktari wetu,

Hujambo? Sisi wazima, na asante. Barua yako imenitua mzigo.

Nilimpeleka Bonge kliniki kupima uzito tu. Muuguzi akafungua kadi, akasema leo ni surua. Nikamwambia nasubiri. Akauliza nani kanishauri, nikamtolea barua yako. Aliisoma yote, akavua miwani, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamjibu kwa maringo, "Mdogo wangu, anasomea hayo hayo." Aliandika uzito akanirudishia kadi.

Barua yako naiweka humo humo ndani ya kadi, ili kila atakayeuliza asome mwenyewe. Bonge sasa anasimama kwa kushika meza ya cherehani. Anakungoja.

Dada yako

2 Mei

Shikamoo dada,

Mko wazima? Nijibu hilo kwanza, kabla ya jambo lolote.

Nimepangwa wodi ya watoto wenye surua. Wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja. Kulikuwa na mmoja wa rika la Bonge, macho yamegandana, nikawa nayasafisha kwa pamba. Mama yake aliniambia kuna mtu alimshauri asubiri. Sikumuuliza ni nani. Jana mchana nilimfunika shuka mtoto yule kwa mikono yangu.

Nilikwenda kwa mwalimu nikakiri habari ya godoro. Nimechomwa kweli sasa.

Dada, mpeleke Bonge leo hii, si kesho. Ziache nguo za watu. Nilikushauri kwa kujifanya najua, na maneno ya bweni nikayatia kwenye barua kama elimu. Nimepiga simu ya jirani tangu asubuhi, inaita tu. Nakimbilia posta. Nakuomba, dada yangu.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Hali yako siiulizi, na yangu usiiulize.

Barua yako ya tarehe mbili Mei ilifika tarehe kumi na moja. Bonge tulimzika tarehe tisa.

Ilianza kama mafua. Siku ya nne vipele vikatoka, kisha kifua kikabana. Nilimbeba mgongoni mpaka kliniki, muuguzi akawa yule yule. Alimpokea mikononi mwangu bila neno la lawama. Heri angenitukana.

Cherehani nimeifunika. Kwenye meza yake kuna alama za vidole vyenye uji, na sijui nizifute au niziache. Wateja wale wale waliokuwa wakinijaza maneno walikuja kulia kuliko mimi. Wao siwalaumu, sikuwahi kuwaamini. Nilikuamini wewe.

Umeandika kwamba ulikiri kwa mwalimu, nawe ukachomwa. Vizuri. Umekingwa.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi yake, na barua yako ya Februari imo ndani yake kama nilivyoiweka. Uzito umeandikwa kila mwezi. Mstari wa surua uko wazi. Kliniki hawaihitaji tena, na mimi siwezi kuitazama. Ijaze wewe. Kutia sahihi unajua.

Mama wa Bonge