Muke wa Radiasio

Mama wangu,

Muko namna gani kule Kolwezi? Mugongo yako bado inakuuma? Mi niko muzima, baridi ya huku Bulaya haiyaniua. Lakini roho yangu inawaka, na sitakuficha.

Yaya Clarisse alinielezea yote ku telefone. Ati uliambia bakwe betu, jamaa ya Fabrice: "Mutoto wangu anatumika mu radiasio." Yoo, Mama! Mi nilisema "mikaba ya radiasio", ile yenye kuzunguka dunia kule yulu, mbali kupita ndege. Weye uliacha mikaba, ukabeba radiasio, ukaitwala Kasulo, kule batu banachimba mawe! Kwetu ile neno ni mawe mubaya yenye kuharibisha mimba, nani hajue? Njo mama ya Fabrice akasimama: "Tutaoa namna gani muke wa radiasio? Atatuzalia nini?" Na Fabrice, mwenye tulipendana tangu masomo, alinitumia paka mesaje moja tu: "Mama anakatala." Basi, ndoa imekufa.

Sikia kazi yangu. Satelite inazunguka, inapima bivumbi bya umeme bidogo-dogo, bile dunia inabikamata sawa aimant inakamata misumari. Jua ikikasirika, ile mikaba inavimba, na satelite za televizyo zinaweza kuharibika. Mi ninaikala mbele ya kompyuta, ninakamata paka namba na kahawa. Hakuna kitu kinanigusa.

Lakini bale ba Kasulo! Balichimba kobalti chini ya salon ya manyumba yao, mifuko ya mawe iko pembeni ya kitanda, vumbi banaikula na bukari. Na mi njo mubaya! Ninacheka bule, sababu kulia nimechoka.

Na weye unanituma niache kazi, nirudie, pasta aniombee. Unakumbuka ile mimba yako, ya mudogo wangu? Kila siku ulikuwa mu mutoni, unanawisha mawe, mayi mpaka ku kiuno. Mutoto alizaliwa, hakulia. Batu balisema ni bulozi, ati nkambo, ule muzee wetu, alimuroga, bakamufukuza. Ile mayi, nani aliipima?

Satelite yetu inapitaka yulu ya Kolwezi. Siku nilijua vile, nilishangilia sawa mupumbafu: inaona kwetu! Kumbe inapima paka kule yulu, kwenye hakuna mutu anaikala. Chini, kwenye tulizika mudogo wangu, hakuna mwenye alituma ata kamashini kadogo ka kupima.

Kazi siiache, Mama. Usiniombe tena.

Unisalimie yaya Clarisse, mwenye hakunificha kitu, na tata mudogo kule Mutshatsha, mwenye kuchoma makala, iwake muzuri. Mama ya Fabrice, usimusalimie. Lakini siku Fabrice ataoa, na yule bibi yake abebe mimba, enda umuambie polepole, mukwe wake asisikie: asinawishe mawe.

Mi mutoto wako, ata na hii kasirani,
Béatrice