Sauti ya Mbuzi

Jumapili, baada ya Isha

Lakini nani alimwambia aje mpaka mlangoni? Wanawake hawaji kwenye ukumbi wa video. Dada yangu Rukia aliniletea chakula nilichokisahau, akanikuta na maikrofoni, naitafsiri filamu ya kigeni. Mtu akikatwa panga kwenye filamu, mimi hulia kama mbuzi badala yake. Mtaa mzima wa Langoni wanijua kwa mbuzi huyo. Watu walivunjika mbavu.

Mume wa Rukia aliuawa kwa panga mwaka jana, njiani, akisafiri kule bara.

Aliweka bakuli chini. "Kaka, mume wangu naye alilia hivyo kule ndiani?"

Alipoondoka niliirudisha filamu nyuma, safari hii nikanyamaza. Panga ni lile lile, damu ni ile ile. Wale waliokuwa wakigaragara kwa kicheko wakafunika macho.

Bwana Shee, mwenye ukumbi, akaninong'oneza: "Mrudishe mbuzi, watu watanikimbia."

Sina kazi nyingine. Ya Rabi, nifanyeje?

Hapa nyumbani Rukia hajala. Analia chumba cha pili, nami, Mungu anisamehe, namsikia yule mbuzi.