Ukurasa wa 72

Jumatatu, 6 Oktoba

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Redio, jirani yangu wa dawati: ile nukuu ya kwenye insha yangu niliitunga mimi.

Hoja nilikuwa nayo. Kwamba mjane wa kwenye riwaya yetu hapokonywi nyumba kwa nguvu. Anapokonywa kwa adabu. Shemeji zake wanamkalisha, wanamwita dada, wanamwomba ufunguo. Hoja nzuri, najua. Lakini Mwalimu wa Fasihi anataka kila aya ya kiini iwe na ushahidi kutoka kitabuni, na pale wanapoomba ufunguo ndipo kopi zetu zinapokatika. Ukurasa wa 70, halafu 75! Mtu wa fotokopi aliruka kurasa, kisha akakipoteza na kitabu chenyewe cha Mwalimu. Darasa zima tunasoma riwaya yenye pengo.

Basi nikaandika kwamba mjane anawaambia: "Ufunguo mmenipa mimi, lakini mlango mnaufunga ninyi" (uk. 72). Nilidhani atapitisha kalamu tu.

Leo karudisha insha za wote. Yangu kabaki nayo. Anasema ana kazi nayo kesho.

Jumanne, 7 Oktoba

Kaiandika aya yangu ubaoni. Yote!

"Tazameni," anasema. "Sentensi ya kwanza, hoja. Haizunguki. Ya pili inatuambia nani anasema na wakati gani. Kisha nukuu, fupi, imeshonwa ndani ya sentensi yake, hakuitupa pale kama mzigo. Halafu — hapa ndipo wengi wenu mnalala — maelezo. Kwa nini 'mmenipa'? Kwa nini 'mnaufunga'? Neno kwa neno. Mwisho anarudi kwenye swali. Hiyo ndiyo aya."

Mmoja wa nyuma akauliza: mbona kwenye kopi zetu maneno hayo hayapo? Mwalimu akamjibu kwamba yako kwenye zile kurasa zilizorukwa. Yule akauliza tena: je, Mwalimu anayakumbuka?

"Nisiyakumbuke? Miaka tisa nafundisha kitabu hiki! Mjane anasimama, anayasema kwa sauti ya chini. Inauma."

Anakumbuka kitu ambacho hakipo.

Hakuna aliyeniuliza mimi niliyasoma wapi. Watu arobaini na mbili wameinakili. Redio akanipiga kiwiko: "Kimya kimya, kumbe bomu!" Jina hilo la Redio alipewa kwa sababu hana swichi ya kuzimia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Redio anaisema ile nukuu kila mahali. Bombani, kwenye ngazi, huku anafunga kamba za viatu. Mtihani wa majaribio alianguka vibaya, na baba yake kasema akianguka tena Fasihi, shule basi, atasimama dukani kuuza misumari.

"Nyingine zote zinanitoka, ndugu yangu," ananiambia. "Hii yako nimeimeza. Mimi na misumari wapi na wapi?"

Na leo Mwalimu katuonya kuhusu usahihishaji. Nukuu ya kubuni, aya nzima inapigwa mstari. Na wasahihishaji wakikuta uongo mmoja kwenye karatasi nyingi za darasa moja, wanaita udanganyifu, matokeo ya wote yanazuiwa. "Kwa hiyo msibuni!" Huku aya yangu ingali ubaoni nyuma yake, kaichorea na boksi la chaki kuizunguka, isifutwe.

Nilimgeukia Redio nimwambie. Mdomo ukafunguka. Nikasema: una kifutio?

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama mdogo anapanga vitabu kwenye maktaba ya mjini. Tangu mwezi jana nilimwomba aniangalizie riwaya ile, ikawa imeazimwa. Leo kaja nayo kwenye mkoba, kaifunga kwa gazeti.

"Mwanangu, mali ya watu hii. Ukiimwagia chai, mimi sina kazi. Jumamosi ijayo nairudisha."

Nimesoma uk. 71 hadi 74 nimesimama, hata viatu sijavua.

Mjane hasemi kitu. Hata neno moja! Shemeji wanaomba ufunguo. Anauvua shingoni, anauweka mezani, juu ya kitambaa alichokishona mwenyewe. Kisha anawamiminia chai, mmoja mmoja, akianza na mkubwa wao. Basi.

Hoja yangu ni kweli! Ni kweli zaidi ya nilivyojua — hata yeye anawapa nyumba kwa adabu. Ile chai ina maelezo ya aya nzima. Nimefurahi kama dakika mbili hivi. Halafu nikakumbuka watu arobaini na mbili.

Nilimtilia maneno mdomoni mtu ambaye kunyamaza kwake ndiyo hadithi yenyewe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya walimu. Mara mbili nilifika mlangoni nikageuka. Mara ya tatu mhudumu wa ofisi akaniambia: "Binti, ama uingie ama unisaidie kudeki." Nikaingia.

Sikuweza kusema. Nikamwekea Mwalimu kitabu mezani, kimefunguliwa pale. Akasoma. Akasoma tena. Akafungua ukurasa uliotangulia, na unaofuata. Masikio yake yakawa mekundu. Sikujua ya mtu mzima huwa hivyo.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri: niliitunga, Mwalimu. Nisamehe.

Akafunga kitabu. "Matoleo hutofautiana," akasema.

Nikabaki nimesimama.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna mtu."

"Vizuri. Nenda kasome."

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeangalia ukurasa wa mbele wa kitabu. Toleo ni moja tu. Halijawahi kutoka jingine.

Aya bado iko ubaoni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kipindi cha mwisho. Mtihani ni Jumatatu.

Mwalimu alitaka turudie nukuu zote kwa pamoja, aya kwa aya. Yeye anataja hoja, sisi tunatoa ushahidi. Nilikuwa na kitabu mapajani, kwenye gazeti lake. Nilijiambia: labda ile ataipita. Labda ataifuta tu bila kusema kitu, nami nitashukuru.

Akafika kwa mjane. Akanitazama — haraka, kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu. Kisha akasema, "Mjane na ufunguo. Haya."

Wote wakaanza. Redio ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, macho kafumba, anaisema kama sala. *Ufunguo mmenipa mimi...*

Nikasimama.

Kiti kikaanguka. Wakanyamaza, kwa sababu mimi sisimami. Miaka minne sijawahi.

Nikasema: hayo maneno hayamo. Niliyatunga mimi. Msiyaandike. Nikafunua gazeti, nikaanza kusoma ukurasa wa 72. Mistari ikawa inaruka, ikabidi niifuate kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ufunguo. Kitambaa. Chai. Nilisoma hadi mwisho wa ukurasa.

Redio kafumbua macho. Ananitazama kama nimemwibia kitu. Kisha akachukua kalamu, akalifungua daftari lake, wala sikuona anafanya nini humo.

Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, dasta mkononi, mbele ya lile boksi lake la chaki. Hakufuta.

"Nani amekuruhusu kusimama?" akauliza, akiuangalia ubao.

Nikasema, "Hakuna, Mwalimu."

Nikafunua ukurasa wa 73, nikaendelea kusoma.